Ntyuka kwa baiskeli: njia ya mbuzi, mapafu yako mwenyewe

Watu wa Moro na Arusha wana dharau fulani hivi ukiwaambia unaendesha baiskeli za milimani na unaishi Dodoma. Wanacheka kwanza, alafu ndo wanauliza, milimani wapi sasa? Kwao Dodoma ni vumbi, zabibu, wabunge na barabara iliyonyooka mpaka dereva anasinzia. Siwalaumu sana, maana ukishuka stendi ya Nane Nane ukapanda boda mpaka mjini hamna mlima wowote utakaokutisha, unaona tu vilima vya mawe vimekaakaa pembeni, unajisemea hivi si nusu saa tu nimefika juu. Haya, jaribu.

Jamaa yangu mmoja anaishi Morogoro, Uluguru iko nyuma ya nyumba yake kabisa, milima inayopita mita 2,600, ina ukungu, ina migomba, ina vijito, akichoka anasimama ananawa uso na maji ya baridi anaendelea. Tulisoma wote zamani, tukapoteana, tukaja kukutanishwa tena na haya mambo ya baiskeli, na toka siku hiyo kazi yake ni kunitumia picha za kijani na kuuliza "kwenu huko vipi, vumbi limetulia?" Nikamwambia mwanangu maneno mengi ya nini, njoo Septemba, tena uje na hiyo baiskeli yako ya gharama.

Akaja kweli. Yeye mwenyewe kwa treni ya SGR, baiskeli ilitangulia na basi siku moja kabla, imefunguliwa matairi na kuzungushiwa maboksi, imelazwa kwenye buti, na kondakta akatoza karibu nauli ya mtu mzima. Ijumaa usiku tukaiunga pale sebuleni kwangu, mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma, huku mama watoto anatuangalia tu hasemi kitu.

Niwaambie kuhusu hizo baiskeli kidogo maana ina maana huko mbele. Yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini, tairi 26, shokapu mbele tu, nyuma hamna, breki zile za mpira zinazobana rimu. Nimeshabadilisha karibu kila kitu isipokuwa fremu na usukani. Ya kwake ni tairi 29, disiki breki za mafuta mbele na nyuma, na ina siti inayoshuka yenyewe ukibonyeza kitufe kwenye usukani. Hiyo siti bana. Unabonyeza, unaikalia, inazama, unabonyeza tena inapanda. Mimi kushusha siti lazima nisimame, nishuke, nifungue klempu, niisukume kwa ngumi. Nilicheza nayo ile siti mpaka akanikataza.

Jumamosi tukatoka kabla jua halijachomoza. Kuna watu hawaamini Dodoma kuna baridi ila asubuhi ya Septemba na ule upepo, mji uko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, vidole vinakakamaa kwenye breki. Tukaifuata lami kidogo, tukaiacha, tukaingia vinjia vya kuelekea Ntyuka, kwenye vilima vya kusini mwa mji, na hapo ndipo Dodoma ikamkaribisha mgeni rasmi.

Mbigili.

Kama hujawahi kuishi kanda ya kati hujui mbigili. Ni kimmea kinatambaa chini, kina viua vya njano vizuri tu, wakati wa mvua hata hukijali. Kikikauka ile mbegu yake inagawanyika vipande, na kila kipande kina miiba iliyokaa kwa namna kwamba hata kianguke vipi lazima mwiba mmoja uangalie juu. Mifugo inazisambaza, watu wanazisambaza na kandambili, na pembeni ya kila njia ya mguu zipo zinakusubiri. Jamaa aliniambia tairi zake zina kinga, sijui kuna kitambaa gani kimewekwa ndani. Nikanyamaza. Hatujafika hata chini ya mlima tairi ya nyuma ikaanza kulala. Akashuka, akaangalia, imejaa vidoti vya mbigili kuzunguka mpira mzima, akataka kuanza kuzing'oa moja moja. Nikamwambia usizing'oe aisee, nyingine zimeziba tundu lake zenyewe, ukitoa zote hapa tutashinda tunaziba viraka mpaka mchana.

Hakunisikia. Mtu wa Moro hasikii. Akang'oa zote kwa ustadi mkubwa, akaweka tyubu ya akiba, tukaenda kama dakika kumi hivi, ya mbele nayo ikalala. Tyubu ya akiba alibeba moja tu.

Bahati nzuri kulikuwa na fundi baiskeli chini ya mkwaju, yule fundi wa kawaida wa kijijini, beseni la maji, pampu ya mguu, solusheni, msasa na rundo la tyubu za Phoenix. Saizi 29 hana na hajawahi kuiona. Akaipima tairi kwa macho, akachukua tyubu ya 28 ya Phoenix, akaijaza upepo kidogo, akaipachika, ikaingia kana kwamba ilitengenezewa humo. Ile vali ya Phoenix ikawa inachezacheza kwenye tundu la rimu ila nati ikaikamata. Jamaa yangu ameduwaa, baiskeli ya mamilioni inatembelea tyubu ya baiskeli ya kubebea mkaa. Fundi akasema hiyo unaenda nayo mpaka Iringa kaka. Na kwa taarifa yenu ile tyubu haikupata pancha siku nzima, ni mpira mzito ule, sio hizi za kisasa nyepesi.

Sasa mlima.

Kitu cha kwanza cha kuelewa kuhusu milima ya huku ni udongo wake. Haya ni majabali ya granaiti, yanakatika na kusagika taratibu kwa jua na mvua, kinachobaki juu ya njia ni changarawe ya duara duara ndogo imemwagika juu ya ardhi ngumu kavu. Ni gololi zile. Tairi ya nyuma inazunguka pale pale, unatoa nguvu zote na hauendi popote. Ukisimama kwenye pedeli ili upate nguvu zaidi, uzito unaiacha tairi ya nyuma, inateleza. Ukikaa sana nyuma ili tairi ishike, ya mbele inanyanyuka, usukani unakosa kazi, unaenda kwenye miiba. Kwa hiyo unachofanya ni kukaa kwenye ncha ya siti kabisa, sehemu ambayo haijatengenezwa ukaliwe na mwanadamu, unainamisha kifua karibu na usukani, viwiko chini, gia nyepesi kuliko zote, unazungusha taratibu bila kushtua. Ukishtua tu, imeisha. Na ukisimama kwenye mwinuko ule kuanza tena ni kazi nyingine, unaanza huku unarudi nyuma.

Kitu cha pili ni njia yenyewe. Hakuna mtu aliyeitengeneza kwa ajili ya baiskeli. Imetengenezwa na mbuzi, ng'ombe na akina mama wa kuni, na mbuzi hana habari na kona. Anaona majani juu, anapanda, basi. Huko nje wanaojenga njia za baiskeli wana kanuni zao, njia isiwe na mwinuko unaozidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima, na wastani wake usizidi kama asilimia 10, na sababu sio kumhurumia mwendeshaji, sababu ni maji. Njia ikikata ubavu wa mlima kwa kulala, maji ya mvua yanaivuka yanaendelea zake. Njia ikinyooka kwenda juu, maji yanaigeuza mfereji. Na mvua ya Dodoma mnaijua, kwa mwaka haifiki hata milimita 600 kwa wastani, inakuja kati ya Desemba na Aprili, ila ikija inakuja kwa fujo, lisaa limoja limebeba udongo wa mwaka mzima.

Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa, kule hiyo hadithi wanaijua vizuri kuliko sisi. Ardhi ilichimbika makorongo mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 wakaamua mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Babu mzaa mama alikuwa akinionyesha korongo ambalo anasema alipokuwa kijana ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Njia tu. Sasa unaweza kuficha lori humo ndani.

Ndo maana huku huwezi kusema unaijua njia. Niliyopita mwezi wa sita mwaka jana sio hii. Ule mstari niliokuwa nimeuzoea, unaanza kushoto kwa mbuyu alafu unakata kulia juu ya jiwe, umekatwa katikati na mfereji wa kina cha goti, na mbuzi wameshaanzisha mwingine upande wa pili, mkali zaidi, unapita katikati ya migunga miwili. Jamaa akatangulia. Akaingia katikati ya migunga, shati likabaki nusu.

Tukapandisha hivyo, unaendesha mita thelathini, unasimama, unasukuma, unaendesha tena, jua nalo limeshapanda na ule ubaridi wa asubuhi tumeusahau. Hapo ndo tukaanza kubishana. Yeye ana imani kwamba kusukuma baiskeli ni sehemu ya mchezo, anashuka mapema kabla hajachoka, anasukuma huku anapiga stori, anapanda tena. Mimi siwezi. Mimi nikishuka naona nimeshindwa na mlima, kwa hiyo nitakomaa mpaka nianguke upande, na nikianguka narudi nyuma hatua kadhaa najaribu pale pale. Akaniambia "we unapigana na jiwe, jiwe halina habari na wewe." Nikamwambia we nunua pikipiki. Ukweli ni kwamba alikuwa ananisubiri yeye kila mara kwenye kivuli, kapumua vizuri, mimi nafika natweta siwezi hata kutukana. Bado naamini mimi ndo niliyeuendesha ule mlima na yeye aliutembelea.

Katikati hapo tukakutana na bibi mmoja anashuka. Kuni kichwani, mzigo mrefu, kandambili miguuni, anashuka kwenye ile ile changarawe iliyotuangusha, hata haangalii chini. Tukasogea pembeni na mabaiskeli yetu na mahelmeti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnapeleka wapi hizo baiskeli?"

"Tunapanda nazo juu, bibi."

"Juu kuna nini?"

Jamaa akasema hakuna kitu bibi, tukifika tunashuka.

Bibi akasimama na mzigo wake akatuangalia mmoja mmoja, akamwangalia zaidi yule mwenye shati limechanika. "Nani kawatuma?"

Hakuna aliyetutuma bibi. Akasema haya, Mungu awasaidie, akaendelea kushuka, na tulimsikia anaongea peke yake Kigogo mpaka alipokata kona. Sijui alikuwa anasema nini ila nadhani nakubaliana naye.

Huko juu zaidi kulikuwa na vijana wawili wanachunga mbuzi, wadogo tu, mmoja akawa anatusindikiza kwa kukimbia pembeni ya baiskeli yangu. Nakomaa gia nyepesi kabisa, kifua kinawaka, na dogo anakimbia pekupeku huku ananiuliza maswali. Hii gia ya ngapi? Hii inazuia nini? Kwa nini hushuki? Mi namjibu kwa kichwa. Mwisho akaomba asukume, akanisukuma kwa nyuma mpaka penye tambarare. Hiyo haihesabiki kama kushuka, nilikuwa juu ya siti.

Juu kabisa kuna jabali kubwa tambarare, tukajilaza hapo. Mibuyu yote haina jani hata moja Septemba, unaiona ilivyojipanga mpaka mbali. Upande wa mashariki unaiona UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, imetapakaa kwenye vilima vyake, ile kitu ilianza 2007 na kwa ukubwa wake unaweza kudhani ni mji mwingine, na kaskazini mji wenyewe, mabati ya bluu na mekundu yanang'aa, vumbi la vijikimbunga linanyanyuka hapa na pale. Jamaa alikaa kimya muda, alafu akasema kwa sauti ya mtu anayelipa deni, "sawa, kuna mlima." Tukala maandazi, karanga na ndizi zilizobondeka kwenye begi. Maji tulitoka nyumbani na lita tatu kila mtu, na hapo nikapima kwa macho, kila mmoja amebakiwa na kama lita moja. Kwa kushuka inatosha kabisa, nikasema. Ingetosha kweli kama ingekuwa ni ya kunywa.

Kushuka.

Watu wanadhani kupanda ndo kugumu. Kupanda kunauma, kushuka kunatisha, na mimi bora kiniume. Nikafungua klempu, nikaipiga siti ngumi mpaka chini, mwenzangu akabonyeza kitufe chake. Sababu ya kushusha siti ni kwamba kwenye mteremko mkali siti ikiwa juu inakusukuma mbele, na ukisukumwa mbele ukafunga breki ya mbele unaruka juu ya usukani. Siti ikiwa chini unaweza kupeleka makalio nyuma mpaka juu ya tairi, visigino chini, viwiko vimekunjwa, kidole kimoja kila breki. Macho yanaangalia mbele unakokwenda, sio kwenye jiwe unaloliogopa, maana ukiliangalia jiwe unalifuata.

Mwenzangu kashuka Uluguru miaka yote. Kule ni udongo mwekundu unaoteleza na mizizi iliyolowa, jiwe likiwa na unyevu ni adui. Kwa hiyo kila tukifika kwenye jabali anakakamaa, anasimama juu, anakuna kichwa. Nikawa namwambia kwetu ni kinyume, jiwe kavu la granaiti ndo rafiki yako, tairi inashika pale hata mteremko uwe wa kutisha vipi, we shuka tu polepole breki zote mbili. Shida ni inakoishia, pale jabali linapokutana na changarawe. Kwa hiyo breki zako zote malizia juu ya jiwe, ukiingia kwenye changarawe achia ya mbele, baiskeli iende yenyewe. Likaja jabali moja la kama mita kumi, limelala vibaya, huoni chini mpaka uwe umeshaingia. Nikatangulia mimi. Kuna sekunde pale ukingoni ambapo tairi ya mbele inapotea machoni na mwili wote unakwambia rudi, na huwezi kurudi, unasikia mpira unalia kwenye jiwe, alafu changarawe, mkia unacheza kushoto kulia, alafu basi, umesimama, mikono inatetemeka na unacheka peke yako. Akaja nyuma yangu, safi kabisa, akapiga ukelele ambao nadhani yule bibi aliusikia.

Katikati ya mteremko ilibidi tusimame kwa sababu yangu. Disiki zake ziko poa, mimi breki za rimu zinanuka mpira unaoungua, rimu huwezi kuishika kwa mkono. Jamaa akaziba pua. Nikamwambia mchezo wenyewe ulianza na harufu hii hii. Kule Marin County, California, mwaka 1976, wahuni fulani walikuwa wanashindana kushuka njia moja inaitwa Repack, karibu mita 400 kwenda chini ndani ya kilomita 3 na kitu, na mibaiskeli mizito ya zamani yenye breki ya kurudisha pedeli nyuma, grisi ndani ya habu inaungua mpaka inatoa moshi. Miaka 20 baadae mchezo uko Olimpiki, Atlanta 1996. Kwa hiyo heshimu moshi, nikamwambia. Akasema heshima ninayo, hela ya disiki huna.

Sasa huku chini karibu na makazi ndo mambo yalipoharibika. Njia ninayoijua inatokea kwenye uwazi, unaachia breki unaingia barabara ya vumbi kwa mzuka wote. Uwazi haupo. Kuna ukuta wa tofali mpya kabisa, kiwanja cha mtu. Toka serikali ilipohamia rasmi, ule uamuzi wa 2016, viwanja vinapanda milima, na mimi sina ugomvi na mtu kujenga, nami nimepanga natafuta changu, ila njia ambayo watu na mifugo wamepita toka enzi inafungwa na tofali na hamna anayeuliza watapita wapi. Walichofanya watu ni kubana pembeni. Kinjia kimebaki chembamba kati ya ule ukuta na uzio wa minyaa wa boma la jirani, na bado ni mteremko, na bado ni changarawe.

Nilipita nikapunguza, nikapiga kelele "mbele ndogo!" Sijui alisikia nini. Alikuwa na spidi ya mtu aliyeshaanza kujiamini, akauona ukuta, akafunga breki ya mbele, na disiki breki za mafuta hazina mzaha, tairi ikateleza pembeni mara moja na jamaa akaingia kwenye minyaa mzima mzima, kichwa kikitangulia.

Mnyaa kama unaujua unajua. Ukivunja kijiti kinatoka utomvu mweupe kwa wingi. Kwenye ngozi unawasha, kwenye jicho ni hatari kabisa, unaweza kukuondolea uwezo wa kuona. Alikuwa amevunja vijiti sijui vingapi. Alitoka mle anacheka, ana michubuko tu, alafu akapandisha mkono usoni afute, na nikamuona anaacha kucheka. Akasema jicho. Akaanza kulisugua. Nikamshika mikono yote miwili kwa nguvu, nikamwambia usiguse, usisugue, kaa chini, angalia juu. Maji yetu yote yaliyobaki yaliingia kwenye lile jicho, namfungua kope kwa vidole namwagia taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje yasihamie jicho la pili, na yeye anapiga kelele, na maji yanaisha. Lita moja inaisha haraka sana hivyo.

Nikaita hodi kwenye lile lile boma. Akatoka mama mmoja, sikumaliza hata kueleza, aliona minyaa ilivyovunjika na mtu kashika uso, akarudi ndani mbio akatoka na ndoo. Ndoo nzima. Anayeishi pembezoni mwa mji huu anajua ndoo ya maji mwezi wa tisa ni nini, mji unategemea sana visima vya Makutupora na huku mlimani bomba halijafika, maji yananunuliwa kwa madumu. Akamwagia yeye mwenyewe, kwa kopo, taratibu, huku anamkemea "fungua jicho baba, fungua, usilie, fungua." Baba mwenyewe ana miaka thelathini na kitu. Alitumia ndoo yote na kijana wake akaenda kukopa nusu kwa jirani. Nilipotaka kumpa hela akakasirika, akachukua mwisho kwa ajili ya yule jirani tu. Minyaa yake akasema itaota yenyewe.

Boda ikambeba jamaa mpaka hospitali, mimi nikamtuma dogo wa pale anisaidie kukokota baiskeli yake mpaka barabarani. Daktari akamsafisha tena kwa muda mrefu, akaweka matone, akasema tulivyoosha pale pale ndo imesaidia, akamwambia arudi kesho yake kuangaliwa. Usiku ule alilala na jicho limevimba kama limepigwa, anaona ukungu, na mimi sikulala vizuri, naamka amka kumuuliza unaona? Ananijibu naona sura yako, bora nisingeona. Jumapili ukungu ukapungua, Jumanne akaanza kusoma meseji kwa jicho lile.

Kwa hiyo mkija, na najua mtakuja maana picha za jabali nimeshaweka, njooni na miwani. Hata ile ya uwazi ya mafundi welda inatosha. Tyubu njooni nazo za kutosha au mfanye kama sisi mvae za Phoenix toka mwanzo. Maji lita nne sio tatu, moja hiyo usiinywe mpaka ufike chini kabisa. Juni mpaka Oktoba ndo muda wake, Novemba joto litakutoa roho na mvua ikianza njia inageuka mto. Na ule ukuta, uzungukeni kwa upande wa juu, kuna vijana wameshaanza kukanyaga kinjia kingine nyuma ya mbuyu, nilikuta nyayo za mbuzi wiki iliyofuata nilipompelekea yule mama madumu mawili na kilo ya sukari.

Jamaa karudi Moro kwa treni, mikono mitupu. Baiskeli kaiacha, anasema kuisafirisha na basi tena ni usumbufu wakati anarudi mwezi wa kumi kumalizia. Ipo pale sebuleni nyuma ya kochi, ile siti napanda nashuka nayo jioni watoto wakilala, na mama watoto ameshauliza mara ya pili inaondoka lini.